Nilivyojifunza Salsa kwenye Kioo cha Kinyozi

Kosa langu la kwanza kazini ni kwamba nilijifunza salsa kwenye kioo cha kinyozi. Sisemi nilijitazama kiooni nikicheza, maana hilo hata wachezaji wakubwa wanafanya. Nasema video ilikuwa nyuma ya kichwa changu, mimi nikawa naiona kwenye kioo kilichokuwa mbele yangu, na kwa miezi mitano nikawafundisha watu wa Morogoro nilichokiona humo, kwa uso mkavu kama afisa aliyetumwa na mkoa.

Sasa nina miaka kumi na saba na nimestaafu. Nyinyi wa kidato cha kwanza mnanijia kila jioni na kandambili zenu, "kaka Deo, tufundishe na sisi," nami nimechoka kukataa. Nimeona niandike mara moja, mnakili, mniache nisome. Najua huku juu milimani umeme haujafika, redio ya mwalimu wa zamu inamaliza betri kabla ya taarifa ya habari, na sakafu ya bwalo ina mashimo ya kuvunja mguu. Lakini likizo mtashuka mjini, mtakutana na salsa, na mtu atawauliza: wewe unacheza staili gani? Hapo ndipo anayeanza huharibu. Niliharibu mimi, na mimi ndiye nilikuwa mwalimu.

Kwanza mjue hali ilivyokuwa. Mama anasema enzi zao dukani kulikuwa na sabuni ya aina moja, na siku nyingine hata hiyo hapana. Ukienda dansini, bendi inapiga, unacheza inachopiga, unarudi nyumbani. Nani akuulize staili? Sisi tumekuja kukuta biashara imefunguliwa. Mitumba inamwagwa chini mafungu kwa mafungu, dawa ya meno ina rangi kama bendera, televisheni na deki zimeingia mpaka kwa vinyozi, na dansi nazo zimekuja kwa mafungu kama nyanya: chagua mwenyewe. Mtu asiyezoea kuchagua, ukimwambia achague, anachukua inayong'aa.

Nilichukua inayong'aa.

Salsa za mjini kwetu zilikuwa mbili. Ya kwanza tuliiita ya mstari. Mwanamume na mwanamke wanakwenda na kurudi kwenye njia nyembamba, kama wamebanwa katikati ya mifereji miwili, na mwanamke anazungushwa mpaka unamwonea huruma. Hiyo ndiyo ilikuwa kwenye video. Ya pili tuliiita ya mduara. Wawili wanazungukana taratibu, kama watu wanaofagia uwanja mmoja na kila mmoja anachunga asifagie miguu ya mwenzake. Hiyo alikuwa nayo Komredi.

Komredi ni mzee mwembamba, fundi redio, kibanda chake kiko njia ya kwenda stendi. Ujanani alipelekwa Kuba kusomea mitambo. Alikaa miaka mitatu, akarudi na cheti, sanduku la sahani za santuri na magoti yanayokunjika vizuri kuliko ya wenzake. Alifanya kazi kiwandani mpaka kiwanda kilipopunguza watu, naye akapunguzwa. Watu wanamwita Komredi kwa sababu yeye anamwita kila kiumbe komredi, hata mbuzi wa jirani. Kila Jumamosi mchana alifundisha salsa kwenye ukumbi wa mtaa, bure, ilimradi ufike mapema ufagie.

Siku ya kwanza nilipokwenda kumwona, nilicheka kimoyomoyo. Suruali yake iliishia juu ya soksi. Hakumzungusha mtu. Alitembea tu na mama mmoja muuza mitumba, akihesabu kwa sauti ya kuimba: moja, mbili, tatu, kimya; tano, sita, saba, kimya.

"Komredi," akaniambia, "nne ni ya kupumua. Usiikanyage."

"Shikamoo mzee. Mimi nimekuja kutazama tu."

"Marahaba. Kutazama ni vizuri. Kuuliza ni vizuri zaidi."

Nikaona mzee ananihubiria. Nikaondoka kabla sijapewa fagio, nikaenda saluni kwa Salumu.

Saluni ya Salumu ilikuwa na televisheni juu ya rafu, na rafu ilikuwa juu kabisa ya benchi la wanaosubiri. Salumu aliiweka hivyo kwa akili: anayenyolewa anatazama kioo mbele yake, anaona video, hatingishi kichwa, hakatwi sikio. Sisi wa benchini televisheni ilikuwa juu ya vichwa vyetu. Ukitaka kuona, unatazama kioo. Kaka yake Salumu alikuwa amemletea kutoka Dar kanda ya mashindano ya salsa, wanaume wamevaa mashati yanayoshuka mpaka mtu unajiuliza vifungo vimekwenda wapi. Nikaikariri ile kanda. Salumu alinivumilia kwa sababu nilikuwa nafagia nywele. Angalieni hapo: nilikimbia fagio la Komredi, nikaangukia la Salumu.

Kuna jambo lingenifumbua macho kama ningekuwa na macho. Maandishi ya kwenye video yalikuwa ya ajabu, herufi zimegeuka, zimelala upande usio wake. Mshkaji wangu mmoja aliniuliza benchini, "Hiki ni kizungu gani?" Nikamjibu bila kupepesa, "Kispanyola."

Wiki ya tatu nikafungua darasa.

Darasa lilikuwa uani kwetu, kwenye sakafu ya saruji ambapo mama huchambua karoti. Mama yangu anauza mboga kwa jumla. Kabichi, karoti na njegere zinashuka na lori kutoka milimani Mgeta, yeye anazipokea, anazichambua, anawauzia wa sokoni. Mchana sakafu ni yake, saa kumi ikawa yangu. Wanafunzi wangu walikuwa bitozi wa mtaani, dada wawili wa cherehani, na kijana mmoja wa kituo cha mafuta aliyekuja na harufu ya kazi yake. Malipo yalikuwa soda, chipsi, au kunyolewa bure. Nilinenepa.

Na msidhani sikujua chochote. Mtu akifundisha, hata kama ni mwongo, mambo mengine yanamwingia. Haya nawapa bure. Usianze na raba. Inashika saruji, mguu unabaki na goti linakwenda, utachechemea wiki nzima. Tafuta kiatu chenye soli ya ngozi, hata cha mtumba, hata kama kimekupita namba moja. Weka karatasi mbele. Sakafu ikigoma, mwaga poda kidogo. Kidogo. Siku moja nilimwaga kopo zima, yule wa kituo cha mafuta akateleza mpaka kwenye karai la njegere. Mkono wa mwenzako ushike kama unavyoshika kikapu cha stroberi kinachotoka Nyandira: ukibana zinapondeka, ukilegeza zinamwagika. Usitazame miguu yako, ipo, haitakimbia. Na ile nne ya Komredi, jamani, msiikanyage. Watu wetu hawapendi kuona kitu kinapita bure, kwa hiyo wakisikia nne wanaikanyaga. Acheni ipite.

Sasa shida yangu ilikuwa hii. Kwenye salsa, mwanamume anaanza na mguu wa kushoto, mwanamke wa kulia, ili wakitazamana miguu iende pamoja kama mlango na fremu yake. Mimi nilikuwa nimeiona kiooni, kwa hiyo kwangu mwanamume alianza na kulia, mwanamke na kushoto. Kila kitu kiligeuka. Lakini kwa kuwa niliwageuza wote, hakuna aliyegongana na mtu. Mtaa mzima ukacheza kinyume kwa amani. Uongo ukiwa wa wote, hausumbui mtu.

Ukaja kusumbua pale dada yangu Fortunata alipochumbiwa.

Shemeji Leonsi ni mtu mzuri, anauza spea za magari, mpole, kiuno chake kama nguzo ya simu. Hakuna tatizo kwake. Tatizo lilikuwa shangazi yake. Siku walipokuja kutoa posa, walipokuwa wanatoka, shangazi huyo alisema pale mlangoni, kwa sauti ambayo hakuifanya ndogo, "Watu wa matuta hawa. Siku ya ukumbini watatembea kama wanakwepa kabichi."

Mama alisikia. Mama ni mtu wa maneno machache; alimsindikiza yule shangazi mpaka barabarani, akamfungia karoti za zawadi, akarudi akakaa. Halafu akasema, "Watafungua muziki kwa salsa." Siku hizi harusi za mjini ndivyo zilivyo: maharusi wanacheza peke yao kwanza, watu wote macho kwao, ndipo wengine wanaruhusiwa kuinuka.

Nikasema, "Nitawafundisha mimi."

Wiki ile ile mwalimu wa hesabu alikuwa amemwambia kwamba saa za masomo ya ziada nilikuwa sionekani.

"Sawa," akasema. "Fundisha. Ila Fortunata akijikwaa hata mara moja mbele ya wakwe zake, mwezi wa kwanza utasoma kule kwa mjomba wako."

Nyinyi mnaijua mantiki ya jambo hilo. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, mjomba akishatajwa, maneno yamekwisha. Baba alikuwa hapo anasoma gazeti, akageuza ukurasa. Mjomba anaishi huku juu, karibu na misheni, analima maharage kwenye mteremko ambao ukidondosha chungwa unalikuta kijiji kingine. Hana televisheni. Anaamka saa kumi na moja na anataka kila mtu aamke. Nikamwambia mama asiwe na wasiwasi.

Ndoa ikatangazwa kanisani, Jumapili tatu kama kawaida, na tangu tangazo la kwanza mama hakutaka wachumba waonekane pamoja. Kwa hiyo niliwafundisha mmoja mmoja. Dada saa kumi na moja uani kwetu, shemeji saa kumi na mbili nyuma ya duka lake, katikati ya rejeta. Dada alikuwa mwepesi. Shemeji alikuwa Shemeji. Nilimwambia, "Shemeji, kiuno." Akasema, "Nimekitingisha." Nikamwambia, "Mimi sijakiona." Akasema, "Kimeanza ndani."

Wiki ya mwisho Bibi Agata alishuka kutoka Mgeta kuja kumfunda dada. Huyu ni dada yake bibi yetu, mfupi, hasikii vizuri sikio la kushoto ila anasikia mambo yote. Dada akawekwa ndani, Bibi akaweka kigoda mlangoni. Aliyekuwa na ruhusa ya kupita ni mama na wanawake wenzake. Mimi sikujali, kazi yangu ilikuwa imekwisha. Hatua zote alikuwa nazo.

Alhamisi nikaenda kumkagua shemeji. Nikabonyeza redio, akaanza. Kiuno kimeonekana. Mikono imetulia. Nne haikanyagwi. Nikataka kulia kwa furaha, mpaka nilipotazama chini. Alikuwa ameanza na mguu wa kushoto.

"Shemeji, kulia."

"Kushoto," akasema. "Komredi amesema kushoto."

"Komredi gani?"

"Huyu fundi redio. Nimekwenda kwake Jumamosi mbili. Shemeji, usinielewe vibaya. Mimi nauza spea. Gari likitoka kwa fundi mmoja, unalipeleka kwa mwingine alisikilize."

Nilitoka pale nimewaka. Nikaenda moja kwa moja kwenye kibanda cha Komredi kumfundisha salsa. Nilimkuta amefungua tumbo la redio, miwani puani.

"Shikamoo. Mzee, umemharibia shemeji yangu mguu."

"Marahaba, komredi. Nionyeshe huo ambao haujaharibika."

Nikamwonyesha. Nikaanza na kulia, nikaenda na kurudi, nikajizungusha kumalizia. Hakucheka. Akaniuliza nilijifunzia wapi, nikamwambia kwenye video kwa Salumu, ya wenyewe kabisa, imeandikwa Kispanyola.

"Unakaa wapi pale kwa Salumu?"

"Benchini."

Akaweka bisibisi chini. Akachukua kipande cha karatasi, akaandika SALSA kwa herufi kubwa. Ukutani kwake kulikuwa na kioo kidogo cha kunyolea ndevu. Akaipeleka karatasi mbele ya kioo, akasema, "Soma."

Nikasoma. Ilikuwa Kispanyola.

Nikakaa kwenye boksi la betri. Nikawafikiria yule wa kituo cha mafuta, dada wa cherehani, mtaa mzima. Halafu nikamfikiria dada: amefungiwa ndani, mguu wa kushoto uko tayari. Na shemeji naye kushoto. Jumamosi watatazamana, muziki utalia, yeye ataleta mguu mbele, na mguu wa kulia wa dada utakuwa bado umesimama pale pale.

"Mzee, naweza kumbadilisha kwa siku moja?"

"Huwezi. Mguu ukishajua, hausikii." Sasa ndipo akacheka, lakini kicheko cha mtu anayekutakia mema. "Lakini usimbadilishe. Mwambie mwanzo asimame. Moja, mbili, tatu, yeye amesimama tu, bwana anajipitisha peke yake. Inapofika tano, ndipo aanze na huo huo mguu wake wa kushoto. Hapo bwana atakuwa amefika kwenye kulia. Watarudi nyuma wote wawili, halafu watakutana mbele. Kwa huo mstari wako wa kubanana wangegongana vichwa. Kwangu mikono ni mirefu. Wanaachana, wanakutana. Bwana nimeshamzoesha mikono mirefu."

Kwa hiyo dawa ilikuwa sentensi moja: dada, zile tatu za kwanza simama. Kilichobaki ni kuifikisha.

Ijumaa nilikwenda mlangoni mara tatu. Mara ya kwanza nilibeba kuni. Bibi Agata akasema kuni ni za jikoni, jikoni ni kule. Mara ya pili nilibeba ndoo ya maji.

"Bibi harusi haonwi na wanaume," akasema.

"Bibi, mimi ni mdogo wake."

"Una ndevu."

"Ni mbili tu, Bibi."

"Mbili zinatosha."

Mara ya tatu nilisema nina ujumbe, akaleta sikio la kushoto. Nikapaza sauti ili dada asikie ndani, "Zile tatu za kwanza," na Bibi akainuka na kigoda chake, akatoa Kiluguru kirefu ambacho kwa kifupi kilimaanisha ondoka. Dakika hiyo hiyo mama akapita na sahani ya dada, akaingia ndani, mlango ukafungwa. Akatoka, akaniuliza, "Una shida?"

Nikasema, "Hapana mama."

Nimeifikiria ile hapana mara nyingi tangu nifike huku.

Jumamosi, baada ya misa, tukaenda ukumbini saa kumi. Mimi nilikuwa kwenye muziki. Redio kaseti ilikuwa ya nyumbani, kanda niliirekodi kwa Komredi kutoka kwenye sahani zake. Niseme ukweli wote: sikuwa na kanda tupu. Nilichukua moja ya mama ya kwaya, nikabandika selotepu kwenye vile vitobo vya juu vinavyozuia kurekodi, nikarekodi juu yake. Wimbo mmoja wa salsa, kwaya inaendelea baada yake. Nilipanga kuzima kabla haijafika.

Yule shangazi alikaa mstari wa mbele, mkoba mapajani, kama mtu aliyekuja kusimamia mtihani. Mama alikaa upande wa pili. Bibi Agata alikuwa nyuma ya dada mpaka dakika ya mwisho, sikupata hata pa kupenyeza neno. Mshereheshaji akatangaza kwamba maharusi watafungua muziki. Nikabonyeza.

Shemeji akaja na mguu wa kushoto, mzuri, wa uhakika, wa Jumamosi mbili. Ukatua juu ya vidole vya dada. Kiatu kikamvuka. Dada akayumba, shemeji akamdaka, wakabaki wameshikana kama watu wanaosubiri mvua ipite. Nikasikia mkoba wa shangazi ukifunguliwa na kufungwa.

Nikazima muziki.

"Kanda imekwama," nikasema kwa sauti ya fundi. "Jamani, samahani, dakika moja."

Nikaitoa, nikachukua kalamu, nikaichomeka kwenye kitobo nikaanza kuizungusha, kama mnavyofanya nyote kanda ikitapika. Kanda ilikuwa nzima kabisa. Nikatembea nikizungusha mpaka katikati ya ukumbi, nikainama kumwokotea dada kiatu, nikamvisha huku kalamu iko mdomoni.

"Dada, zile tatu za kwanza simama. Anza kwenye tano. Mguu wako ule ule."

"Kwa nini?" akanong'ona, bado anatabasamu kwa wageni.

"Mimi ni mjinga, nitakueleza kesho. Shemeji, mikono mirefu."

"Nilijua tu," akasema Shemeji.

Nikarudi, nikabonyeza tena. Shemeji akaanza peke yake: moja, mbili, tatu. Dada amesimama. Kidevu juu, shela imetulia, anamwangalia mume wake kama mtu aliyeletewa bidhaa na bado anafikiria kama ataipokea. Kimya cha nne kikapita. Kwenye tano akaondoka na kushoto. Wakarudi nyuma wote wawili, mikono ikanyooka, wakakutana mbele, wakaachana tena. Wanawake wa kutoka milimani ndio walioanza vigelegele, kwa sababu kwenye ngoma zetu watu wanafuatana na kuachana hivyo hivyo, waliona kitu wanachokijua. Halafu wengine wakadakia. Shemeji akazunguka, dada akazunguka, na kiuno cha Shemeji kikatoka ndani kilikokuwa kikianzia.

Yule shangazi akamwinamia jirani yake, nami nilikuwa karibu. "Hiyo ya kusimama kwanza," akasema, "ndiyo mpya?"

Nilifurahi mpaka nikasahau kuzima. Salsa ikaisha, ukumbi unapiga makofi, na mara sauti nne za kwaya zikaingia kwa nguvu zote. Watu wakadhani ni mpango. Padri akainuka akapiga makofi pia. Mtu mmoja tu hakupiga. Mama alikuwa ameitambua kanda yake, anaitazama redio, halafu ananitazama mimi.

Kwa hiyo mnaoanza, mkiniuliza staili gani, jibu langu ni hili. Msianze na staili, anzeni na mtu. Ya mstari ni nzuri ukiwa na wa kukutazama miguu na sakafu nyembamba. Ya mduara inamsamehe anayeanza, kwa sababu ukikosea, bado una upande mwingine wa kwenda. Lakini yoyote utakayochukua, mpate anayeweza kukuambia, wewe, huo mguu si wenyewe. Video haisemi hivyo. Kioo ndiyo kabisa. Kitakukubalia kila kitu.

Wale wanafunzi wangu niliwapeleka wote kwa Komredi Jumamosi iliyofuata, kwa miguu yao ya kulia. Alitutazama, akahesabu, akasema hajawahi kuona mtaa mzima umetoka kwenye kioo kimoja. Tulifagia ukumbi mara mbili.

Lakini kabla ya hapo kulikuwa na Jumapili asubuhi. Mama alikuwa uani, anaosha karoti kwenye karai, kanda yake iko juu ya kigoda cha Bibi Agata, selotepu imebanduliwa. Nilikuwa nimejiandaa usiku mzima kama wakili. Nikamwamkia, nikachuchumaa, nikachukua karoti na mimi, nikasema, "Mama, ukiangalia vizuri, dada hakujikwaa. Alikanyagwa. Ni vitu viwili tofauti."

Mama aliosha karoti tatu kabla ya kunijibu. Nawapa maneno yake kama alivyoyasema, bila kuongeza wala kupunguza:

"Kanda hii ni yangu na haijawahi kukwama. Dada yako amecheza vizuri, shangazi mtu amenyamaza, kwa hilo asante. Lakini ulijua tangu Alhamisi, na ule mlango nilikuwa naufungua mimi mara tatu kwa siku, na nilikuuliza kama una shida. Kafungashe. Kwa mjomba wako hakuna kioo. Kule ukitaka kujua kitu, utamwuliza mtu."